Jiwe la Ng'ombe Kwenye Uji wa Martina

Mimi ni Agnetha, wengi huniita Mama Edson, mhudumu wa afya wa jamii hapa Samuye. Natembelea nyumba kwa nyumba. Nimeshaona mengi, lakini siku ile kwa Mihayo nilikasirika kweli.

Ilikuwa asubuhi. Mihayo alikuwa amemaliza kukamua. Mkewe Martina alikaa kwenye kigoda akimnyonyesha Limi, mtoto wao wa miezi minne.

"Mwangaluka, Mama Limi," nilimsalimu kwa Kisukuma.

Hakuitika. Alikuwa hivyo tangu ajifungue. Halali, hacheki, analia bila mwenyewe kujua sababu. Siku hizo alikuwa anatapika pia.

Mihayo alikuja na kikombe cha uji. Akatoa kikaratasi mfukoni, akamimina unga wa kijivu ndani, akakoroga.

"Baba Limi, nini hicho?"

"Madini, Mama Edson. Ya kuchangamsha akili."

"Umeyatoa wapi?"

Akanieleza bila aibu yoyote. Mnadani alimsikia mtu mwenye spika akinadi chupa za madini. Eti unatumia kidogo kila siku, huzuni inaisha na ubongo hauzeeki. Bei ikamshinda. Akakumbuka jiwe la madini analowawekea ng'ombe zizini walambe. Akalivunja kwa nyundo, akasaga.

"Ng'ombe akikosa madini ananyong'onyea," alisema. "Akilamba siku chache anachangamka. Na mimi naweka kidogo tu. Hii ni wiki ya pili."

"Mwaga!" nilipiga kelele. "Mwaga sasa hivi! Kidogo kwa nani? Jiwe hilo limepimwa kwa mwili wa ng'ombe. Lina shaba na vitu vingine vingi. Unaweza kuharibu ini la mkeo! Na mtoto ananyonya!"

Uji ukamwagwa. Nikachukua mfuko ambao lile jiwe liliuzwa nao, wenye orodha ya madini yake, tukaenda wote kituo cha afya.

Daktari alisoma mfuko, akampima Martina na mtoto. Tulishukuru Mungu, ini halikuwa limeharibika na mtoto alikuwa mzima. Lakini Martina alikuwa na upungufu wa damu. Kisha daktari akamuuliza taratibu: analalaje, anakulaje, amewahi kufikiria kujidhuru? Martina alimjibu neno mojamoja.

"Hii ni sonona baada ya kujifungua," alisema. "Ni ugonjwa kama ulivyo malaria. Una matibabu."

"Kwa hiyo madini hayafai?" Mihayo aliuliza.

"Yanafaa kama mwili umeyakosa. Vipimo vinaonyesha mkeo amepungukiwa madini chuma, nitampa vidonge vyake. Nyumbani tumieni chumvi yenye madini joto. Lakini zile chupa za mnadani, hakuna uhakika kwamba zinatibu sonona wala kulinda ubongo. Usidhani kila kitu kidogo ni salama. Njoo upimwe kwanza."

Hapo Martina akainua kichwa.

"Hukuniuliza," alimwambia mumewe. Sauti ilianza chini, ikapanda. "Wiki mbili unaninywesha, hujaniuliza hata siku moja naumwa nini! Ng'ombe hasemi, Baba Limi. Mimi nasema!"

Mihayo aliinama. Sikumwonea huruma.

"Nisamehe, mke wangu," alisema mwishowe. "Sema. Nasikiliza."

Martina akasema, akalia, akasema tena. Daktari hakumkatisha.

Tangu siku hiyo alirudi kituoni kila baada ya wiki mbili kuzungumza na mshauri. Alimeza dawa alizoandikiwa. Mihayo alimbeba Limi ili mama apate kulala, na majirani wakicheka aliwaambia wakachunge ng'ombe wao. Yule mwenye spika bado yuko mnadani. Nimemripoti kwa bwana afya, na nikikutana naye mwenyewe atanitambua.

Baada ya miezi mitatu nilipita tena kwao. Nikiwa njiani nilisikia Martina akifoka. Mihayo alikuwa ameacha geti la zizi wazi, ndama wameingia kwenye mihogo. Martina alimsema kuanzia ndama mpaka viatu vyake vyenye matope.

Mihayo alisimama katikati ya ua, amembeba Limi, anacheka.

"Mwache aseme, Mama Edson," aliniambia. "Sijamsikia hivi tangu mtoto azaliwe."