Hina Juu ya Madoa

Kafedha wa Magongo alikuwa fundi wa hina, na mkono wake, jamani, ulisifika mpaka Miritini. Bibi harusi akija, Kafedha huketi naye mkekani, amchore maua huku akimchokoza. "Tulia mwanangu! Bwana hakimbii." Lakini saa ya dawa ikifika, huweka kila kitu chini, akameza vidonge vyake. Maana figo iliyomo ndani mwake alipewa na kaka yake Tsuma, miaka mingi sasa, na vidonge ndivyo vinavyoufanya mwili uikubali.

Basi, madoa yakamtoka mguuni. Rangi ya zambarau iliyoiva, hayawashi, hayaumi. Kafedha akaogopa midomo ya watu. Wataanza tu: ana ukimwi huyo. Akachukua hina nyeusi, akachora waridi juu yake. Doa likikua, waridi huongezwa jani. Hata kliniki ya figo alikwenda na maua yake. Wakampima damu, wakausifu mguu, akarudi zake anacheka.

Mguu ukavimba. Siku moja akaingia jirani yake Winfred, muuguzi wa wagonjwa wa figo.

"Kafedha, mbona mguu mmoja una harusi na mwingine hauna?"

"Basi tu, sista. Najipendezesha."

"Hebu niuone." Winfred akabonyeza, kidole kikaacha shimo. "Na hiki nini chini ya waridi?"

Kafedha akainama. "Madoa. Tangu Pasaka ya mwaka jana."

"Mungu wangu! Na ukanyamaza? Sikiza. Mwili una askari wake. Ukiwaachia, wataipiga figo ya kaka yako, wanaiona mgeni. Vidonge vinawalegeza. Lakini askari hao hao ndio wanaozuia saratani. Wakilegea miaka mingi, inaweza kupenya. Si kwa kila mtu, lakini hutokea."

"Basi naviacha leo hii!"

"Thubutu! Ukiviacha, figo ya Tsuma imekwenda. Kupunguza au kubadilisha ni kazi ya daktari. Yako wewe ni kuonyesha. Doa jipya, uvimbe, kidonda kisichopona, kukonda bila sababu, sema mapema. Upimwe na saratani ya mlango wa uzazi. Na jua kali ujifunike."

Kesho yake wakaenda hospitali. Madaktari wakakata kipande cha ngozi, wakakipima. Saratani kweli. Daktari akambadilishia dawa, akamtibu. Taratibu madoa yakafifia, na figo ikasalimika, ashukuriwe Mungu. Lakini mguu, wapi! Umevimba mpaka leo, haukunjiki. Mkekani haketi tena.

"Lilikuwa dogo kama punje ya mtama," husema, na machozi yanamlengalenga. "Ningelionyesha siku ile."

Siku hizi huenda kliniki mguu wazi, hauna hata ua moja. Juzi akamwona mama mmoja kwenye benchi akivuta leso aliyojifunga afunike kifundo cha mguu.

"Shoga," Kafedha akamnong'oneza, "nionyeshe mimi kwanza. Halafu tuingie wote kwa daktari."

"Hamna kitu, dada."

Kafedha akausogeza mguu wake uliovimba mbele ya mwenzake. Yule mama akautazama, kisha akaiachia leso.