Chupa ya Kupandia Mlimani

Kila Jumamosi saluni ya mama yake Kiherehere ilijaa watu, na nusu yao hawakuja kusukwa. Walikuja kuongea. Jumamosi hiyo walimwongelea binti huyo mwenyewe, aliyekuwa akijiandaa kupanda mlima na wanafunzi wenzake. Huko juu baridi hugandisha maji, na mwalimu alishaonya: mwenye chupa isiyofaa atabaki kambini.

"Mimi nataka hii," Kiherehere alisema, akiinua chupa ya rangi ya waridi yenye mrija mwembamba. "Darasa zima wanazo."

"Darasa zima ndilo litakalokunywesha?" mama aliuliza huku akisuka. "Nimekununulia ya mdomo mpana. Ina kosa gani?"

"Kama kopo la mafuta ya nywele."

Wateja wakaangua kicheko. Shangazi akadakia, "Mwache mtoto apendeze, wifi."

"Apendeze kwa nani, wifi? Kwa mawe?"

Mama alishusha pumzi. Wiki nzima alikuwa akieleza jambo hilohilo mpaka koo likamkauka.

"Haya, zipeleke zote mbili kwa muuza barafu hapo jirani, aziweke kwenye friza. Usizijaze pomoni, maji yakiganda huvimba. Na hii niliyonunua mimi uisimamishe kichwa chini, barafu ianzie kitakoni, si mdomoni."

Kiherehere aliipunguza maji chupa ya mama, ila yake akaijaza hadi juu.

Jioni alizileta. Chupa ya waridi ilikuwa imebenuka kifuniko. Alivuta mrija mpaka mashavu yakabonyea, wapi! Barafu ilikuwa imeuziba. Ile nyingine ilikuwa imeanza kugandia kitakoni, upande uliokuwa juu. Alipoifungua na kuiinamisha, maji yakamiminika.

"Mimi nilisema tangu asubuhi," shangazi akatamka. "Wewe uliyesema apendeze?" mama akamjibu.

Jumatatu mwalimu alikagua chupa. Wenye mirija waliambiwa watafute nyingine. Kiherehere, aliyebeba ile ya mdomo mpana, akaruhusiwa kupanda, akakimbia saluni kutoa habari.

"Sasa umeelewa?" mama aliuliza.

"Nimeelewa, mama. Ila chupa yenyewe kweli ni mbaya."

Mama akashika kiuno. "Mwanangu, utaniua wewe. Chombo cha safari huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa macho ya wenzako. Kiu ikikubana kule juu, rangi hainyweki."