Springi za Lori la Chimala

Haya yalimpata rafiki yangu Muhidini, mfanyabiashara wa mchele wa Rujewa, masika ya mwaka hamsini na sita. Landrova yake kuukuu ilikuwa inalaza tumbo kwenye tope la Usangu kila safari, akaapa kuinyanyua. Akaenda Chimala, kwenye lori lililopinduka na kumuua dereva aliyekuwa pia fundi hodari, akafungua springi ambazo kila mtu aliogopa kuzigusa.

"Baba Waridi, zisomewe dua kwanza," mkewe alimsihi.

"Mimi niombe ruhusa kwa chuma? Sitaki!"

Usiku ule mvua ilikuwa inapiga mabati. Muhidini akatia komeo mlango wa banda kwa ndani, akafunga springi zote, akaishusha gari chini, kisha akaingia uvunguni kukaza nati. Alipomaliza upande wa kulia, upepo ukazima taa.

Gizani springi zikalia, nyiii. Gari ikashuka hadi chuma kikamgusa kifua, kama vile mtu mzito amepanda.

"Nani wewe?"

Mvua ikazidi kupiga mabati.

Hofu yake ikageuka hasira. "Hata kama ni wewe marehemu! Gari hii nimeitafuta kwa jasho. Sitoki, na springi sirudishi. Shuka!"

Springi zikalia tena. Gari ikapanda taratibu. Muhidini akacheka kwa sauti, akapapasa chini kutafuta spana, ile moja tu aliyokuwa nayo. Haikuwepo.

Upande wa kushoto, ng'ambo ya ekseli, nati ikaanza kulia ikikazwa, polepole, na mtu anayeijua kazi.