Chumba cha Baridi Kilichozimwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Non alimsaidia baba yake kufungua bucha lao mjini Blaenau Ffestiniog. Yeye alifagia, na baba yake, Emrys, akapanga nyama kwenye kabati la vioo. Asubuhi moja ya Julai, joto likiwa limeushika mji uliozoea mvua, Non alifungua chumba cha baridi akakuta kimya. Mashine haikunguruma. Kipimajoto kilionyesha nyuzi kumi na saba.

"Baba! Friji limekufa!"

"Halijafa," Emrys alisema bila kumtazama, akabonyeza swichi. "Nalizima usiku. Wiki hii tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeme unanimaliza, Non! Mwezi uliopita nililipa pauni elfu moja na mia tisa. Kodi ya duka haifiki nusu yake. Mwezi huu nikishindwa watakata, na duka la babu yako ndiyo basi tena."

Alificha uso kwa aproni. Non hakuwahi kumwona baba yake akilia, akaogopa sana.

Mle ndani mlikuwa na sinia sita za nyama ya ng'ombe iliyookwa na kukatwa vipande. Ilikuwa ya kuliwa na waombolezaji kwenye chai ya baada ya mazishi ya mzee Tudur, mchana huo huo kanisani. Emrys alinusa kipande kimoja, akanusa tena. "Haina neno," alisema. Lakini alikuwa ameuza nyama miaka ishirini, na alijua kwamba nyama huweza kuharibika kabla haijanuka.

Menna, mwoka mikate wa duka la jirani aliyekuwa akiandaa chai hiyo, aliingia kuchukua sinia hizo. Non alisimama mbele yake.

"Anti Menna, usizichukue."

"He! Kulikoni?"

"Non!" Emrys alifoka.

"Baba, mwambie wewe. Nakuomba. Hata Bibi, mama yako, atakula!"

Emrys aliegemea kaunta, kisha akasema yote. Menna alipandwa na hasira. "Yaani tumzike Tudur leo, kesho tumfuate? Una akili wewe?" Alipouona uso wake, akashusha pumzi. "Haya, yuniti moja ya umeme unalipa peni ngapi?"

Hilo ni swali lisiloulizwa mtaani kwetu. Wenye maduka watakusimulia upasuaji wao mpaka nyuzi za mshono, lakini bili ya umeme wanaificha. Upuuzi mtupu, na umewaponza wengi.

"Arobaini na tisa," Emrys alinong'ona.

"Arobaini na tisa! Mimi nalipa ishirini na saba, tena nina tanuri! Karibu wote mtaani tuko humo humo. Mkataba wako uliisha lini?"

"Sijui. Bili zikija, nalipa."

"Ndiyo hapo! Mkataba ukiisha usipotia saini mwingine, wanakutoza bei ya juu kuliko zote. Ungeniuliza hata siku moja tu, Emrys!"

Nyama yote ilitupwa. Menna alichemsha mayai, akakata jibini, akajaza mikate. Emrys alikwenda mwenyewe kwa mjane, Bi Gwyneth, akamwambia ukweli mbele ya wanawe na kumrudishia pesa zake.

Wiki ile ile alitia saini mkataba mpya, na kampuni ikamruhusu kulipa bili ya mwezi huo kwa awamu. Zilizofuata zilishuka karibu nusu. Chumba cha baridi hakikuzimwa tena.

Lakini jioni ya siku ya mazishi, hayo yote yalikuwa bado. Emrys alikaa na Non nyuma ya kaunta.

"Kuishiwa pesa humpata yeyote," alimwambia. "Ningeuliza, ningesaidiwa. Badala yake nilitaka kuwalisha watu shida yangu bila wao kujua. Usije ukafanya hivyo, mwanangu. Na asante kwa kunizuia."

"Bi Gwyneth alisemaje?"

"Alizihesabu zile pesa mara mbili. Nikajua hatanunua tena kwangu." Emrys alifuta macho. "Kisha akaagiza nyama ya Jumapili."