Mkono Uliorudisha Bastola

"Sindano, yuko mbele yako. Asifike kwenye gari."

"Nimemwona," aliijibu redio ya sikioni.

Sindano, askari kanzu, alikata kona ya ghala, soli zikilia sakafuni. Mbele yake Bosi wa Vigae alikimbia na kitambi chake kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Ndani ya maboksi yake, chini ya vigae, mlikuwa na bastola za magendo. Wanunuzi kutoka nje walishazipangia kazi: kuteka kituo kikuu cha umeme.

Bosi aligeuka ghafla. Glock mkononi.

Sindano hakupepesa jicho. Kiganja cha kushoto kikasukuma mtutu pembeni. Cha kulia kikakamata, kikapinda, kikavuta. Kufumba na kufumbua bastola ilikuwa yake. Kazi safi. Ungekuwepo ungepiga makofi.

Kisha akaigeuza, akamrudishia mwenyewe. Kitako mbele, kwa adabu zote.

"Tena," akasema.

Ndiyo. Alimrudishia.

Bosi mwenyewe aliduwaa. Aliitazama bastola, akamtazama Sindano, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Halafu akakumbuka ana njaa.

Risasi ilimkosa Sindano. Ikampata pajani mwenzake aliyekuwa akiingia mlangoni nyuma yake. Dada Mkubwa, kama wote kazini walivyomwita, mwalimu wake wa shabaha.

Gari likaondoka na Bosi.

Usimcheke sana. Tangu aajiriwe, zoezi lilikuwa lile lile: mwenzako anakunyooshea bastola ya mpira, unamnyang'anya, unamrudishia, unasema "tena." Hakuna aliyewahi kujiuliza mkono unajifunza nini hapo.

Mkono wa Sindano ulikuwa mwanafunzi mzuri. Ulijifunza yote.

Ofisini hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililommaliza. Walimsalimia kwa sauti ya chini kama mgonjwa. Mpishi wa kantini peke yake ndiye aliyekuwa na roho ya kusema. Alimpa kikombe cha chai, kisha akabaki amenyoosha mkono.

"Naomba unirudishie, kaka. Si ndiyo kawaida yako?"

Kantini nzima ikapasuka kwa kicheko. Sindano akarudisha kikombe, kikiwa kimejaa, akaondoka masikio yakimwaka.

Simu ikaita kabla hajafika mlangoni. Mkuu.

"Mzigo mwingine wa Bosi unatoka Ijumaa, ghala jingine. Utakwenda wewe. Ndiwe uliyemwona kwa karibu."

"Kwa karibu mno, Mkuu."

"Usinichekeshe. Mimi nilitaka nikupeleke stoo ukapange viatu. Dada Mkubwa ndiye aliyekuombea. Ukiharibu tena, tunampoteza Bosi, na wewe unarudisha kitambulisho. Hicho ndicho nitakachofurahi ukikirudisha."

Dada Mkubwa alimsubiri kwenye ukumbi wa shabaha, chini ya jengo, akiwa juu ya magongo mawili.

"Pole, Dada."

"Umeshaniambia hospitali, ukaniambia kwenye simu, ukamtuma na mama yako. Paja halisikii pole. Vaa miwani."

Ukumbi haukuwa ule anaoujua. Karatasi za shabaha zilikuwa zimeondolewa. Kuta za mbao zilisogezwa zikawa korido, jiko na sebule yenye kochi bovu. Feni za kufyonza moshi zilinguruma. Kwenye spika mtoto alikuwa analia, na king'ora cha gari kikimjibu.

"Karatasi haijawahi kumgeukia mtu," alisema Dada. "Ndiyo maana wewe ni bingwa wa karatasi."

Taa zikazimika, zikabaki za kumetameta. Kwenye korido kuruta mmoja akatokea na bastola ya risasi za rangi. Sindano akamnyang'anya. Safi kabisa.

Akamrudishia.

Kuruta hakuwa na huruma. Akampaka kijani kifua kizima.

"Umekufa," alisema Dada.

Akafa tena jikoni. Akafa kwenye kochi. Fulana yake ikawa kama ukuta wa shule ya chekechea. Kila alipokufa, macho yake yalikwenda kwenye bandeji ya Dada, na Dada akajua.

"Acha kuliangalia paja langu, haliko kwenye zoezi. Mkono wako umekuwa mkaidi, basi tuuache. Tufundishe miguu. Ukishaishika tu, unarudi nyuma. Hata kama mkono unataka kusalimia watu, wewe rudi nyuma."

Wakarudia mpaka kuruta akaomba maji.

Ijumaa, watu wakiwa kazini, Hilux ya wanunuzi iliegeshwa kinyumenyume kwenye mlango wa ghala. Boksi la mwisho lilikuwa linapakiwa.

"Sindano, ingia."

Aliingia kwa mlango wa ofisi. Bosi akanyanyuka kwenye kiti, Glock ikitangulia. Kiganja, pinda, vuta. Bastola ikahama.

Bosi hakukimbia. Alitabasamu, akafungua kiganja chake kinene.

"Tena, kijana."

Mkono wa Sindano ukaenda.

Ulienda wenyewe, kitako mbele, kwa adabu zile zile. Aliuona ukienda kama mkono wa mtu mwingine.

Miguu ikarudi nyuma.

Bosi akadaka hewa, akajikwaa kwenye boksi, akaanguka kifudifudi juu ya vigae vyake mwenyewe. Alipoinua kichwa, mtutu ulikuwa umegeuka kumtazama. Nje, wanunuzi walikuwa wameshalazwa chini, mikono kisogoni.

Pingu zikalia.

"Kusema kweli, kijana," Bosi alihema, "siku ile hata mimi niliona aibu kwa niaba yako."

"Ungenirudishia basi, mzee."

Redio ikakoroma. "Kazi nzuri, Sindano. Umejisafisha." Wenzake wakampiga mgongoni. Hakuna aliyeuona ule mkono. Angeweza kunyamaza, ikaishia pale.

Simu ikatetemeka. Dada Mkubwa.

"Mkono ulifanyaje?"

Akatazama pembeni. "Ulitoka, Dada. Wote, mpaka kiwiko kikanyooka."

Upande wa pili gongo likagonga sakafu.

"Kesho asubuhi ukumbini. Njoo na fulana mbovu."

"Na paja?"

"Linauma. Usichelewe."

Sindano akavaa miwani yake myeusi, akautia mkono wa kulia mfukoni, akatoka getini taratibu.