Njumu za Limbu

Saa mbili asubuhi Mayala alikuwa ameshafungua banda lake la baiskeli karibu na soko la Bariadi. Aliinua gurudumu, akalizungusha, akalisikiliza. Kazi yake aliijua. Lakini asubuhi hiyo masikio yalikuwa kwa Hanif, mwenye duka la vipuri la jirani. Hanif alikuwa akimsema Limbu, mshambuliaji wa timu yao ya Nyuki.

"Mechi tano hana goli," Hanif alisema. "Penalti ya juzi kaipeleka kwa wauza karanga. Lakini mshahara anachukua."

"Nasikia hayuko sawa," alisema Winnie, aliyeuza chai na vitumbua mbele ya banda. "Kocha alisema redioni kwamba kijana ana mawazo mengi."

"Mawazo gani? Mimi nina kodi ya duka na watoto sita. Mbona kila siku nafungua? Huyo ni mvivu tu."

"Hela hazimletei mtu usingizi, Hanif."

Mayala akaweka gurudumu chini. "Mwenye mshahara ule hana ruhusa ya kuwa na mawazo," alisema.

Watu waliokuwa wakinywa chai walicheka. Mayala alifurahi walivyocheka.

Tuseme ukweli kuhusu Mayala. Alikuwa na wivu, na si wivu mdogo. Yeye na Limbu walikulia kijiji cha Ngulyati. Walicheza pamoja mpira wa matambara kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa. Mayala ndiye aliyekuwa na mbio zaidi. Watu wengi walisema hivyo, na Mayala alimkumbuka kila mmoja wao kwa jina. Kisha akavunjika goti. Mwaka uliofuata Nyuki walikuja kutafuta vijana, wakamchukua Limbu.

Tangu siku hiyo kila goli la Limbu lilimuuma Mayala. Limbu aliponunua pikipiki, Mayala alisema ni ya aina mbovu. Limbu alipomwezekea mama yake nyumba, Mayala alisema mabati yake ni membamba. Sasa Limbu hafungi, na Mayala alikuwa akilala vizuri. Aliona aibu kidogo kwa hilo, lakini alilala.

Katika kitu kimoja Mayala alimzidi kila mtu, nacho ni nyimbo. Yeye ndiye aliyekuwa ningi wa mashabiki. Katika ngoma za Wasukuma, ningi ni mtunzi anayewaongoza wenzake kuimba. Humtania mtu wa upande wa pili, na aliyetaniwa hujibu kwa wimbo. Akijibu vizuri watu hucheka, na mambo huishia hapo. Hakuna anayeweka kinyongo. Mayala aliuleta utani huo uwanjani. Aliwaimba wachezaji wa Nyuki wenyewe, nao walimjibu kutoka kwenye mstari. Na hakuna aliyejibu vizuri kama Limbu. Mara moja alimjibu huku akisubiri kupiga kona, na hata mwamuzi alicheka.

Jumamosi Nyuki walicheza nyumbani. Mayala alikuwa na wimbo mpya:

*Limbu wetu, mshahara umekulemea,*
*Miguu imelala, mfuko unatembea.*
*Kama mpira umekuchosha, sema,*
*Jembe lako Ngulyati bado linakungojea.*

Jukwaa zima liliudaka. Watu walitoa simu, wakarekodi. Limbu alikuwa karibu na mstari, akasikia kila neno. Mayala akanyamaza, akamsubiri ajibu.

Limbu alimtazama. Kisha akatazama nyasi. Hakufungua mdomo. Baada ya dakika kumi kocha alimtoa, naye akaenda kukaa peke yake mwisho wa benchi.

"Hajajibu," Mayala alisema.

"Kiburi cha hela," alisema Hanif. "Sisi si wa kujibiwa tena."

Mayala aliitikia. Lakini njiani kurudi nyumbani jambo lile lilimsumbua. Tangu utotoni Limbu hajawahi kukosa jibu. Mayala alilifukuza wazo hilo na kuendelea kuuimba wimbo wake.

Jumatano mchana Martha, mama yake Limbu, alifika kwenye banda. Alikuwa ametoka Ngulyati, na mkononi alishika kifurushi cha kitambaa.

"Mwadila, mayu," Mayala alimwamkia Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, ng'wanawane, mwanangu." Alimpa kifurushi. "Limbu kasema zako hizi. Kasema umezitamani muda mrefu."

Ndani mlikuwa na njumu za Limbu, zile nyekundu ambazo Mayala alikuwa akizitazama kwa jicho baya msimu mzima.

"Yeye atachezea nini, mayu?"

"Sijui. Yuko nyumbani tangu Jumapili. Hali chakula. Halali usiku. Anakaa tu nyuma ya nyumba. Redio kampa binamu yake, pikipiki kampa mjomba wake. Nimekuja kumtafutia dagaa wa Lamadi, labda atakula."

Martha alikwenda sokoni. Mayala alibaki na njumu. Alitazama huku na huku, akavua ndala, akavaa njumu zile. Zilimwenea sawasawa. Aliruka mara moja. Akaruka tena, akajifanya anapiga kichwa. Winnie alimwona, akatabasamu huku akimimina chai. Kwa dakika hizo chache Mayala alikuwa na furaha, na ni furaha hiyo iliyomuumiza baadaye.

Bado alikuwa nazo miguuni Apolonia alipokuja kuchukua baiskeli yake. Apolonia alikuwa nesi wa hospitali, upande wa afya ya akili.

"Fundi, leo umependeza. Umenunua?"

"Nimepewa na Limbu."

Apolonia aliacha kutabasamu. "Kwa nini mchezaji agawe njumu katikati ya msimu?"

Mayala alimweleza alichosema Martha. Alieleza habari za redio na pikipiki, na habari za kutokula na kutolala. Apolonia alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumamosi mlimwimba," alisema. "Wimbo nimeuona kwenye simu. Alikujibu?"

"Hapana."

"Wewe unamjua tangu mdogo. Amewahi kukosa jibu?"

"Hajawahi," alisema Mayala, na hapo miguu yake ilikosa raha ndani ya njumu zile.

"Mtu wa utani akinyamaza, asilale, asile, kisha aanze kugawa vitu vyake, hiyo ni dalili ya hatari. Huenda ana sonona. Ni ugonjwa. Unamwondolea mtu furaha, usingizi na nguvu. Unamwambia kwamba hana faida kwa mtu yeyote. Ukimkaa mtu wiki mbili au zaidi, inafaa aje hospitali. Akianza kugawa vitu namna hii, hatusubiri hata siku moja."

"Lakini nesi," alisema Hanif kutoka dukani kwake, "mtu ana mshahara."

"Malaria huwa inauliza mshahara kwanza, Hanif?"

Hanif alitikisa kichwa kukataa.

"Basi na huu hauulizi. Anaonekana mvivu kwa sababu nguvu hana. Ukimzomea, humwongezei nguvu." Akamgeukia Mayala. "Wewe ulipovunjika goti, kuna aliyekuambia ni uvivu?"

"Hapana. Bandeji ilionekana."

"Na nani alikupeleka hospitali?"

Mayala aliinama, akaanza kuvua njumu. Kila wiki, kwa miezi miwili, Limbu alimpakia kwenye baiskeli kutoka Ngulyati mpaka mjini. Mayala hakuwahi kumsamehe kwa wema huo. Ni vigumu kumwonea wivu mtu aliyekubeba, lakini yeye aliweza.

"Limbu," alisema.

"Twende sasa hivi. Si kesho."

Winnie alikimbia kumwita Martha kutoka kwenye meza za dagaa. Wakapanda bodaboda mbili kwenda Ngulyati.

Limbu alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye gogo. Alikuwa amekonda. Apolonia alimsalimia, akakaa chini karibu naye bila haraka. Mayala alibaki amesimama, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Wimbo ule ni wangu," alisema hatimaye. "Nimekukosea."

"Ulikuwa wimbo mzuri," Limbu alisema polepole. "Nilitafuta jibu. Sikulipata. Kichwani hamkuwa na kitu."

"Hali hii imeanza lini?" Apolonia aliuliza.

"Tangu kabla ya Pasaka. Nikifunga sifurahi. Nikikosa watu wananitukana, na mimi naona wana haki. Naambiwa nina mshahara, nishukuru. Nashukuru, nesi. Lakini asubuhi siwezi kuinuka."

"Limbu, nakuuliza waziwazi. Umefikiria kujiua?"

Martha alishtuka, akashika kanga yake. Limbu alikwangua gome la gogo kwa kidole.

"Ndiyo," alisema.

"Asante kwa kuniambia. Hutabaki peke yako na jambo hili."

Limbu alianza kulia. Martha alimkumbatia mwanawe, hakumwambia anyamaze.

Apolonia alimvuta Mayala pembeni.

"Mbona umemuuliza vile?" Mayala alinong'ona. "Si utamtia wazo?"

"Wengi wanaogopa hivyo. Kuuliza hakumpi mtu wazo la kujiua. Kunampa nafasi ya kulisema. Sasa sikiliza. Asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa za kupulizia pamba zitoke kwenye nyumba hii, zifungiwe mbali. Na yeye twende naye hospitali leo hii."

Mayala alizitoa dawa stoo mwenyewe, akazipeleka kwa jirani zikafungiwe. Kisha wakaondoka wote.

Daktari aliongea na Limbu kwa zaidi ya saa moja. Alisema ni sonona, na inatibika. Alimpa dawa, akampangia siku za kuja kuzungumza na mshauri. "Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku moja," alisema. "Zinahitaji wiki kadhaa. Usiziache bila kuniuliza, hata ukijisikia vizuri."

Ili awe karibu na hospitali, Limbu na mama yake walihamia kwa Mayala. Kila wiki Mayala alimpakia kwenye baiskeli na kumpeleka kliniki. Limbu, hata alivyokonda, alikuwa mzito. Goti lilimuuma Mayala, naye alinung'unika njia nzima.

Na wivu haukuisha kwa sababu Limbu anaumwa. Wageni walikuja na kuku, maziwa na viazi. Mayala aliwahesabu wageni hao moyoni. Alipovunjika yeye, walikuja wachache kuliko hao. Siku moja alimwambia Apolonia jambo hilo, kwa aibu.

"Wivu si dhambi ya ajabu," Apolonia alisema. "Ukikujia, utambue, kisha uangalie mikono yako inafanya nini. Yako inaendesha baiskeli. Endelea kuendesha."

Wiki ya tatu habari zilifika kwamba viongozi wa Nyuki wanataka kumkatia Limbu mshahara kwa kuwa hachezi. Mashabiki walikutana mbele ya banda. Walibishana mpaka chai ya Winnie ikaisha.

"Kipa alipovunjika mkono mwaka jana, alilipwa?" Mayala aliuliza.

"Alilipwa," Hanif alikubali. "Alikuwa mgonjwa."

"Na Limbu ni mgonjwa. Nimekaa naye ndani. Nimemwona akishindwa kumaliza kikombe cha uji. Alipwe." Maneno hayo yalimtoka kwa shida, maana kumtetea Limbu katika jambo la mshahara hakuwahi kuota atafanya. Lakini aliyasema mbele ya watu wote.

Hanif alikuna kichwa. Kisha ndiye aliyeongoza wenzake kwenda kwa viongozi. Mshahara haukukatwa. Mashabiki nao waliweka utaratibu wao. Kabla ningi hajamwimba mchezaji, kwanza amuulize nahodha jinsi mchezaji huyo anavyoendelea. Na anayenyamaza anafuatwa kuulizwa hali, haimbwi tena.

Limbu hakupona kwa siku moja. Zilikuwapo siku nzuri, na siku za kulala mchana kutwa. Lakini mwezi wa pili alimaliza sahani ya ugali na dagaa, akaomba nyingine. Mwezi wa tatu alitaka njumu zake.

"Chukua," alisema Mayala. "Zinanibana."

Mwezi wa nne daktari na kocha walikubaliana ajaribu mazoezini. Jumamosi moja mwezi huo Nyuki walicheza mechi ya kirafiki, na kocha akamweka benchi. Martha alikaa na Apolonia, Winnie alikaa na Hanif. Mayala alisimama mahali pake mbele ya jukwaa, mdomo kafunga.

Limbu aliingia kipindi cha pili. Dakika ya kwanza alipoteza mpira. Dakika ya tano alibaki yeye na kipa, akapaisha juu. Watu wote walimgeukia Mayala, naye hakuimba.

Limbu alikuja mpaka kwenye mstari. Alishika kiuno, akamtazama Mayala. Kisha akaanza yeye:

*Fundi Mayala, ringi wanyoosha,*
*Goti lako je, nani atanyoosha?*
*Wasema njumu zilikubana,*
*Winnie alikuona ukirukaruka mchana.*

Jukwaa lilipasuka kwa kicheko. Hanif alicheka mpaka akakaa chini. Martha alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

Mayala alisimama mbele ya watu wote, wanamcheka. Ulikuwa wimbo mzuri. Ulizidi zote alizotunga yeye mwaka ule. Wivu ulimchoma palepale, ule ule wa zamani, naye akautambua. Alifuta machozi kwa mkono wenye grisi, akaanza kutafuta jibu.