Mapazia ya Maua

Kituo cha mafuta asubuhi hakina adabu. Malori yanaungurumiana, pikipiki zinajipenyeza popote, na kwenye kibanda cha chai watu wanasukumana kana kwamba leo ndiyo mwisho wa sukari. Hapo ndipo mwanamume mmoja mwenye shati jeupe, lililopigwa pasi likanyooka, alipowapita wote akachukua kikombe kisicho chake.

"Foleni inaanzia kule nyuma," mwanamke mwenye gauni la manjano alimwambia.

"Nina haraka, dada."

"Haraka ya wapi na shati hilo? Harusini?"

"Kazini. Naanza leo."

"Basi anza na adabu."

Alikunywa chai yote, akamwinulia kikombe kitupu na kuondoka. Saa haikupita, akamkuta tena, safari hii nyuma ya dirisha la ofisi ya yadi ya malori. Gauni lilelile la manjano, na rundo la funguo shingoni kwa kamba nyekundu. Ni yeye aliyepanga safari na kugawa magari, na madereva walimwita Mama Funguo.

"Kumbe ni wewe," mwanamume alisema.

"Ni mimi. Lete leseni, Mgeni."

"Mgeni nani? Nimeshaajiriwa."

"Hapa wote ni wageni. Ukimaliza mwaka nitakutafutia jina jingine."

Hakuwa anatania. Madereva walipita pale kama wateja kwa kinyozi. Ukitoka safari hujalala, unarudishwa barabarani; ukilalamika, gari lako anapewa mwingine. Tajiri mwenye yadi alikuwa na kauli moja tu, kwamba anayechoka aende, wenzake wako getini. Basi wakawa wanaondoka, na wanaondoka kimyakimya. Mama Funguo alijifunza kuwasoma. Kampuni ilitoa gari na ufunguo. Godoro na mapazia ya kitanda cha nyuma ya kiti kila dereva alikuja na vyake, na anayetaka kuhama huanza kwa kushusha mapazia. Aliwahi kuachiwa lori limejaa mzigo, ufunguo juu ya tairi, akafokewa mbele ya mafundi wote. Tangu siku hiyo hangoji maelezo: mapazia yakishuka, gari linapata mtu mwingine asubuhi hiyohiyo.

Mgeni alitundika ya bluu yenye maua meupe. Mafundi walimcheka, naye akayanyoosha vizuri zaidi ili wayaone.

Kisha zikaanza simu za Mgeni, kutoka vituo vya kupimia malori.

"Nimefika mizani."

"Sawa."

"Huniulizi kama nimekula?"

"Napanga safari, sipangi matumbo."

"Basi mimi nakuuliza. Umekula?"

"Weka simu, uendeshe gari."

Lakini yeye mwenyewe hakuikata. Miezi ikapita, simu za mizani zikarefuka kuliko foleni yenyewe. Waligombana juu ya mvua, juu ya spidi, juu ya nani aliyeanza kununa. Mama Funguo alimpenda, na kumpenda kulimuudhi, maana alijua madereva wanavyoishia.

"Siku moja nitakupandisha humu nikupeleke mpaka lami iishe," Mgeni alimwambia jioni moja.

"Na mapazia yako yanayonuka dizeli? Nitatapika kabla hatujatoka getini."

"Una makuu wewe, mpenzi."

"Usiniite mpenzi kwenye simu ya ofisi."

Asubuhi ya safari yake iliyofuata, lori lilikuwa limesimama yadini na madirisha matupu.

Mama Funguo aliyaona. Angeweza kupiga simu. Angeweza kumuuliza hata mlinzi. "Wote ni walewale," alisema peke yake, akachomoa ufunguo kwenye kamba, akampa dereva aliyekuwa akisubiri kazi getini.

Mchana Mgeni akatokea na beseni kichwani. Mapazia yalikuwa ndani, yamekunjwa, yananukia sabuni.

"Gari langu liko wapi?"

"Ulishusha mapazia."

"Nimeyafua. Ni nani aliyesema yananuka?"

Mama Funguo alijua papo hapo kwamba amekosea, na bado akachagua ukali. "Leo au kesho ungeondoka. Tofauti iko wapi?"

"Ungeniuliza."

"Ungesema kweli?"

"Utajuaje, na hukuuliza? Unadhani watu wanamkimbia Tajiri peke yake? Wanakukimbia na wewe. Unamzika mtu hata hajaumwa."

"Basi nenda."

"Nakwenda."

Alikwenda ng'ambo ya barabara, kwa kampuni ya jirani. Kila alipopita na lori lao alitazama mbele, wala hakupiga honi. Mama Funguo alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akatoka akamgombeza fundi asiye na kosa.

Dereva aliyepewa lile lori hakumaliza mwezi. Alilitelekeza njiani na mzigo wake. Tajiri akapiga meza. "Mfuate yule wa maua. Mwambie gari lake lipo. Usirudi hapa bila yeye."

Hapo ndipo Mama Funguo alipoumia. Siku zote hizo alikuwa akijikaza amfuate kwa miguu yake mwenyewe, na sasa ataonekana ametumwa.

Alivuka barabara, akamkuta anafunga turubai.

"Umetumwa," Mgeni alisema bila kugeuka.

"Nimetumwa. Gari lako lipo, Tajiri anakutaka. Hilo limekwisha." Akavuta pumzi. "Sasa langu. Nilikosea. Niliyasema vibaya mapazia yako, ukayafua, nikakuhukumu kwa hayohayo. Siku ile ulikuwa unaniacha?"

"Leo ndiyo unauliza?"

"Leo."

"Sikuwa nakuacha." Alikaza kamba mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. "Gari silitaki. Tajiri wako aliendeshe mwenyewe."

"Na mimi?"

"Nina mzigo, niache."

Mama Funguo aligeuka aondoke, macho yakapanda juu. Lori lile nalo lilikuwa na madirisha matupu. Kumbe hata huku hakai, aliwaza, na akavuka barabara haoni vizuri kwa machozi. Alifika ofisini, akavua kamba nyekundu, akaiweka na funguo zake mbele ya Tajiri. Yeye hakuondoka kimyakimya. Aliaga kwa sauti, mlango wazi, mafundi wote wakisikia.

Jumapili mchana mlango wa chumba chake ukagongwa kwa fujo. Alikuwa Mgeni, shati jeupe, nyundo mkononi, mapazia ya maua begani.

"Umeacha kazi bila kuniambia," alisema akiingia kabla hajakaribishwa.

"Wewe nani nikuambie?"

"Dirisha lako limevaa shuka. Unaishi kama mtu anayehama kesho."

"Na lori lako je? Halina hata kitambaa."

"Lile lori la watu. Nimechoka kutundika kwenye mali za watu."

Alivuta kiti, akapanda, akaanza kugongelea misumari. Jirani akapiga ukuta kwa hasira. Mgeni akagonga kwa nguvu zaidi.

"Nani kakuruhusu kutoboa ukuta wangu?"

"Nizuie."

Hakumzuia. Alimshikia kiti kisiyumbe. Mapazia yaliishia katikati ya dirisha, jua likapita chini yake mpaka kitandani.

"Hayafiki chini," alilalamika.

"Ongeza kitambaa. Mwenye ulimi wa sindano hatakosa uzi."

"Na siku nikikuta hayapo?"

Mgeni akashuka, akasimama mbele yake, uso umekunjamana. "Utafanya nini?"

"Nitakuuliza kwanza."

"Uliza sasa hivi, nione kama unaweza."

Mama Funguo alimtazama usoni. "Utakaa?"

"Nitakaa," alisema, bado amenuna, akampa nyundo aishike, akapanda tena kiti kwa ajili ya msumari wa mwisho.